Fundi Cheche Ndani ya Tangi la Ubatizo

Yule fundi wa kuchomelea vyuma aliitwa Cheche, na jina hilo halikutokana na kazi yake. Alianza kuitwa hivyo tangu shule ya msingi, kabla hajajua hata kushika nyundo, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi wa kuwaka. Ukimkanyaga mguu, ngumi. Ukimwomba radhi kwa kumkanyaga, ngumi nyingine, maana umemkumbusha. Alipofika miaka hamsini na sita alikuwa ameshagombana na jirani wa kulia na wa kushoto, na yule wa nyuma alijihamia mwenyewe mapema.

Kazi yake lakini haikuwa na mfano. Mageti yake yalifungwa kwa kidole kimoja. Watu walimletea kazi, wakasema naye maneno manne, wakajiondokea zao.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakutaka litajwe mbele yake. Miaka kumi na mmoja nyuma, siku ya kumzika mama yao, yeye na mdogo wake walibishana nani atangulie kubeba jeneza. Cheche akamzaba mwenzake kofi, kofi likazaa ngumi, na wote wawili wakaangukia kwenye mashada ya maua, waombolezaji wakitazama. Tangu siku hiyo hawakupeana hata salamu. Mdogo mtu alikuwa mwalimu wa udereva. Gari lake jeupe, lenye kibao chekundu juu ya paa, lilipita mbele ya karakana kila siku, polepole kama kobe, na kila likipita Cheche alishusha kinga yake ya uso hata kama hakuwa anachomelea kitu.

Basi Ijumaa moja asubuhi mchungaji akatokea karakana. Alikuwa mtu mwembamba, mwalimu wa hesabu mstaafu, na suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini.

"Fundi, nisaidie. Tangi la ubatizo linavuja, na Jumapili tuna ubatizo. Maji yote yanaishia kwenye viatu vya kwaya."

Cheche akabeba mashine yake, akaenda. Tangi lilikuwa la chuma, refu kama kitanda cha watu wawili, kina chake usawa wa kifua. Akaingia ndani, akachuchumaa, akaanza kukwangua kutu. Mchungaji akaketi kwenye ngazi, akamshikia taa.

"Mbona unakwangua sana?" mchungaji akauliza.

"Chuma chenye kutu hakishiki. Sharti ukisafishe kwanza."

"Na watu je?"

"Watu ndio zaidi. Mimi mwenyewe nimepanga kuja kanisani. Ila kwanza nipunguze hasira, niache pombe, nikae sawa. Nikishakuwa mtu, utaniona."

"Umeanza lini kupunguza?"

"Huu mwaka wa kumi na tano."

"Umefikia wapi?"

Cheche akafikiri kidogo. "Pombe imeongezeka."

Mchungaji akacheka hadi taa ikatikisika. "Hesabu umeianzia mwisho, fundi. Mungu hakungoja utulie ndipo akupende. Alikupenda na kutu yako yote. Yesu alikufa kwa ajili ya wenye dhambi. Ulidhani alikufa kwa ajili ya nani, malaika?"

"Wewe hunijui mimi."

"Nakujua sana. Msiba wa mama yenu, ibada niliiongoza mimi. Mlipoanguka mliniangukia. Miwani yangu ilipondeka."

Sauti ikatoka ndani ya tangi, ndogo kuliko mwenye nayo. "Ile miwani ilikuwa yako?"

"Yangu."

"Na leo umekuja kuniita mimi? Mafundi si wamejaa mjini?"

"Nimekuita wewe. Na mimi ni binadamu tu, moyo wangu mdogo. Nilikukasirikia miezi minne mizima ndipo nikakusamehe. Sasa Mungu, ambaye kusamehe ndiyo furaha yake, unadhani amekununia?"

Cheche akaiweka chini brashi ya waya. Miaka yote alimfikiria Mungu kama wale wakaguzi wa majengo, wanaokuja na kinyundo na kugonga kila kiungo kutafuta penye kasoro. Hakuwahi kuwaza kwamba huenda anatafutwa yeye, kwa kupendwa tu.

"Yaani bure?" akauliza.

"Kwako bure. Yeye ilimgharimu msalaba."

"Hata kabla sijapatana na mdogo wangu?"

"Hata kabla. Ila ukishapendwa hivyo, sidhani kama utaweza kuendelea kumnunia."

Hapo kitu kikaanza kumpanda Cheche kutoka tumboni. Alidhani ni kwikwi. Kumbe kicheko! Kikamtoka kwa mkupuo, na tangi likakirudisha kwa kishindo, ikawa kama wamo humo watu ishirini wanaocheka. Machozi nayo yakatiririka, akayafuta kwa glavu, akajipaka masizi uso mzima. Akapiga magoti palepale juu ya unga wa kutu.

"Mungu, ni mimi, Cheche. Unanijua. Nimeharibu mengi. Nichukue hivi nilivyo." Halafu, kwa kuwa hakujua sala humalizwaje, akaongeza, "Haya, asante, kazi njema."

"Amina," akasema mchungaji, naye akijifuta macho.

Kiungo alichokichomelea mchana ule kilinyooka kama mstari wa rula. Akarudi nyumbani mbiombio, mashine begani, akiwasalimia majirani wa kulia na wa kushoto. Wa kushoto alifunga mlango kwa tahadhari.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani, akishona sare za shule. Akamtazama mumewe: uso mweusi, macho mekundu, meno yote nje.

"Baba, umekunywa nini leo?"

"Sijanywa kitu! Mke wangu, nimependwa!"

Cherehani ikasimama. "Umependwa na nani?"

"Na hajali nilivyo! Miaka yote hii ananitaka tu!"

"Nimekuuliza, jina lake nani?" Mkono wa mkewe ukashika mkasi.

"Yesu!"

Mkewe akasogea, akamnusa mdomo, akanusa tena, hakupata hata harufu ya chupa. Akaketi juu ya lundo la sare, akaanza kucheka taratibu, mabega yakimcheza. "Mungu wangu," akasema, "miaka kumi na tisa nakuombea wewe, na leo nimejibiwa, karibu nikuchome mkasi."

Jumapili ikafika. Tangi halikuvuja hata tone. Bahati mbaya hakuna aliyekadiria ukubwa wa fundi: alipozamishwa, maji yalipanda, yakafurika, na viatu vya kwaya vikalowa kuliko siku zote. Cheche akaibuka akihema, akapaza sauti, "Jamani, ni kweli!" Waimbaji wa sauti ya tatu wakashindwa kuimba kwa kucheka, na kikongwe mmoja aliyekaa mbele akapiga kigelegele ambacho mwenyewe alidhani alishakisahau.

Jumatatu gari jeupe likapita karakana. Mwanafunzi aliyekuwa kwenye usukani alikuwa muuguzi mstaafu, mama mzima, na mwendo wake ulimruhusu Cheche kutembea, kufungua mlango wa nyuma na kuingia bila kuharakisha.

"Shuka," akasema mdogo wake, bila kugeuka.

"Nishuke au niendeshe?" muuguzi akauliza kwa hofu.

"Wewe endesha, mama. Wewe wa nyuma shuka."

"Nitashuka, mdogo wangu. Nisikie kwanza. Siku ile nilikosa mimi. Si wewe, si uchungu wa msiba, ni mimi. Nilikuaibisha mbele ya watu na mbele ya mama. Nisamehe. Na usiponisamehe leo, nitaingia tena kesho."

Gari likazima katikati ya makutano. Nyuma honi zikaanza.

"Kanyaga klachi, mama," akasema mwalimu. Akamtazama kaka yake kwenye kioo. "Kaka, umelewa?"

"Hata shemeji yako aliuliza hivyohivyo. Alininusa mara mbili."

Mdogo mtu akabana midomo, lakini kicheko kikampenya puani, kikatoka kama mluzi, na kilipotoka hakikurudi. Wakacheka wote wawili mpaka wakalia, muuguzi naye akacheka bila kujua anacheka nini, gari likaruka mara tatu kama sungura, likawaka, likaondoka kwa mwendo ambao mama yule hakuwahi kuufikia.

Hasira za Cheche hazikuisha siku ile. Wiki hiyohiyo aliwaka kwa ajili ya kipande cha bati, akamfuata mwenye bati mtaa wa tatu, akamwomba radhi huku akicheka, yule mtu asijue akimbie au amkumbatie. Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumatatu ile walizunguka mjini mpaka somo likapita muda wake, mwalimu akageuka kabisa kwenye kiti, akimsimulia kaka yake habari za watoto ambao baba yao mkubwa hakuwahi kuwaona: huyu ana meno kama ya bibi yake, yule anakoroma, wa mwisho hataki kuvaa viatu.

"Mwalimu," akasema muuguzi, mikono imekaza usukani, "pale mbele kuna taa nyekundu. Mimi nafanyaje?"