Protasi Mtafuta Chuma

Watu wa Kibimba walimcheka sana Protasi, na mimi sikupenda. Mtu mzima kuzunguka mashambani akichomachoma ardhi kwa ufito wa chuma, walisema, ni kukosa kazi. Lakini msimu wa kulima ulipokaribia, haohao walimjia kwa sauti laini, kila mmoja na habari ya jembe lililofukiwa wakati wa vita vya Wajerumani na Wabelgiji, siku zile watu walipoficha kila kitu cha chuma ili askari wasikichukue. Waliofukia, wengine walikufa, wengine walisahau mahali.

Chombo chake alikipata baada ya kukosea. Alianza na mkuki. Ulizama vizuri, lakini ncha iliteleza pembeni ya kila kitu. Akaazima mtarimbo, ukamvunja mabega kabla jua halijapanda. Mwishowe alikwenda kwa Habibu, mfanyabiashara wa Biharamulo, akauziwa mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti kwenye gobore. Mwembamba, butu, mwepesi. Aliutumia baada ya mvua, ardhi ikiwa laini, na aliushika kwa vidole tu, kwa sababu ukiukaba huwezi kuhisi kitu. Mzizi uliunasa, jiwe liliukwaruza, chuma kiliurudisha mkononi kwa mtetemo mdogo. Alinifundisha mara nyingi, nami sikuambulia chochote.

Alichokitafuta mwenyewe ni nyundo ya baba yake. Baba alikuwa mhunzi. Aliifukia nyundo askari walipokaribia, nao wakamchukua awafulie vyuma vyao, asirudi tena. Na kwetu mwana wa mhunzi hawi mhunzi kwa kujua kufua tu. Lazima apokee nyundo ya baba. Bila hiyo wazee wa kazi hawakumruhusu hata kugusa mivukuto ya kupulizia moto. Basi Protasi aliuchokonoa uwanja wote, migombani, zizini, penye majivu ya tanuru la zamani. Vya wenzake alivipata, chake hakukiona. Jioni moja nilimkuta ameketi kati ya migomba, uso mikononi. Roho iliniuma, nikapita njia nyingine.

Mahali pamoja hakupagusa, napo ni chumbani kwa mama yake, Ildefonsa. Mwanamume aliyekomaa hakaribii kitanda cha mama yake. Hata wazo lenyewe halikumjia.

Masika moja Ildefonsa aliugua, miguu ikakataa kazi. Protasi hakuwa na dada wala mke, ikabidi aingie mwenyewe ambebe amtoe nje aote jua. Yaliyofuata alinisimulia kwa kinywa chake. Alipoinama, mama alimshika mkono.

"Chimba hapa chini ya kitanda," alisema. "Nimechoka kuilalia."

Alichimba. Nyundo ilikuwa imefungwa kwa ngozi ya mbuzi iliyooza, yenyewe nzima. Protasi aliipakata, akalia kwa hasira.

"Mama, ulikuwa unaniona nikitafuta! Miaka yote hii!"

"Nilikuona, mwanangu."

"Ningekuwa mhunzi."

"Baba yako alikuwa mhunzi," Ildefonsa alijibu. "Ndiyo maana sijui alizikwa wapi. Wewe, kila usiku nimejua umelala wapi."

Protasi aliiweka nyundo chini, akamwinua mama yake, akatoka naye nje.