Nilifunga alternator ya lori kwenye 109 ya marehemu baba, yaliyonikuta njia ya Michenga siku ya harusi ya dada

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi jukwaa hili la magari nimelisoma miaka, nakaa nyuma kimya kama mgeni asiyejua choo kiko upande gani. Leo nimeona nami nitoe langu. Na hii siyo chai. Bibi harusi mwenyewe ni member humu, nikidanganya atanivua nguo kwenye comments.

Naishi Ifakara. Shule niliishia form two, ila magari nayapenda tangu nikiwa navaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto.

Marehemu baba alituachia Land Rover 109 ya dizeli, ile ya zamani yenye kioo cha mbele cha vipande viwili. Masika barabara zikikatika ndiyo ilikuwa inatoa wagonjwa vijijini, mpunga na mbuzi humo humo. Ukiniuliza baba alifananaje, cha kwanza ninachokiona ni kiwiko chake kimetoka dirishani.

Sasa mwenye sauti juu ya hilo gari ni Baba mkubwa Alois, kaka yake baba. Kila likizimika njiani, yeye ndiye anapigiwa simu aje na trekta. Mtu amevuta gari mpaka amechoka roho.

Dada yangu Prisca alipopata mchumba, kijana wa Kisukuma wa kule Michenga anaitwa Masanja, nikaenda kwa Baba mkubwa nikapiga magoti. Nikamwomba 109 ndiyo imbebe bibi harusi, kwa heshima ya baba.

Akanitazama sana.

"Deo, nikubalie na wewe jambo moja. Likizimika siku hiyo, Jumatatu wanakuja watu wa chuma chakavu. Nimeshaongea nao. Wanakuja na mtungi wao wa gesi wa kukatia."

Nikasema sawa baba. Kwa mdomo.

Wakuu, mimi ni mtu wa ndoto. Nikaona hapa nisiishie kwenye kubeba tu. Nikaona 109 ikiwa gari la harusi la bonde zima, kuanzia Kisawasawa mpaka Uchindile. Watu wakigombania tarehe.

Nikaanza kuipamba. Taa kubwa nne juu ya paa. Taa za rangi pembeni, zinazokimbizana. Amplifaya na spika mbili za tarumbeta, zile za matangazo. Friji dogo la soda. Feni ya bibi harusi. Honi inayopiga muziki. Na ubao wa kuchajia simu, maana kamati ya harusi yetu hakuna mwenye simu inayofika saa nane na chaji.

Nikawasha vyote kwa pamoja. Ilikuwa kama disko. Disko lilidumu wimbo mmoja, betri ikalala.

Kwa wasiojua: betri ni tenki tu. Anayelijaza ni alternator, inazungushwa na mkanda wa injini. Ile ya zamani ya 109 ilitengenezewa taa mbili, wiper, na redio kama dereva ana bahati. Mimi nimeipa ukumbi wa harusi.

Nikaenda kwa rafiki yangu Remi, fundi rewaya, umeme wa magari, pale Kibaoni. Remi akacheka kwanza, hiyo ndiyo bei yake ya kuanzia. Halafu akasema, "Tunaifunga ya lori." Akatoa alternator kubwa kama kichwa cha mbuzi, imetoka kwenye lori lililopata ajali.

Tukachomelea breketi mpya. Tukabadilisha waya wa kwenda kwenye betri, tukaweka mnene, maana ule wa zamani ungegeuka jiko. Fyuzi tukaweka. Geji ya volti nikaifunga juu ya dashibodi nione kila kitu. Ile alternator ilikuja na puli yake kubwa ya lori, lile gurudumu la kupitishia mkanda, tukaiacha vilevile. Ikumbukeni hiyo puli.

Tukaitesti. Tukaingia lami mpaka Kisawasawa, kila kitu kinawaka, muziki juu, mchana kweupe. Sindano ya geji imesimama kama askari wa gwaride. Remi ananipiga begani, mimi nampiga yeye. Watoto wa njiani wanatupungia. Nikasema Jumatatu ya chuma chakavu imekufa.

Wakuu, hapo ndipo tulipokosea, wote wawili. Sisi tulitesti gari kama mtu anayewahi Kidatu.

Harusi haiendi hivyo.

Misa iliisha vizuri. Prisca akapanda nyuma na Masanja wake, shela limejaa gari zima. Baba mkubwa akakaa mbele na mimi, suti ya kahawia, ameshika fimbo yake. Mpaka Ifakara mjini mambo safi.

Tulipoacha lami kuingia njia ya Michenga, wapiga matarumbeta wakashuka kwenye kirikuu yao wakatangulia kwa miguu. Nyuma yao akina mama wanacheza. Hatua mbili mbele, moja nyuma, wanageuka, wanakata kiuno, wanarudi kutazama kama bibi harusi ameona.

Na mimi nyuma yao. Injini inaguna tu chini, mguu hauko kwenye mafuta.

Mnaona sasa? Puli kubwa, injini taratibu, alternator inazunguka kwa uvivu kama mtu anasaga mtama bila njaa. Inatoa umeme kidogo. Na juu yake feni, friji, taa nne, taa za rangi, spika, na simu za kamati nzima.

Sindano ikaanza kushuka.

Nikajaribu kukanyaga mafuta nikiwa nimebana klachi. Moshi mweusi ukawafunika matarumbeta. Shangazi yetu Devotha akageuka na kitambaa puani, "We Deo! Unatupulizia dawa ya mbu?"

Nikaanza kuzima kimoja kimoja. Nikazima taa za paa, mpiga picha akaja dirishani mbio, "Kaka, washa, kwenye video zinapendeza." Nikazima feni, Prisca akaita, "Deo, poda inamwagika huku!" Nikachomoa ubao wa chaji, mwenyekiti wa kamati akanitazama kama nimemchomoa yeye.

Friji nikazima kimyakimya. Soda hazina mdomo.

Kuna kitu kimoja kilikuwa kinanipa moyo. Dizeli ya zamani ikishawaka haihitaji umeme kuendelea kunguruma. Betri hata ikifa, injini inatembea. Shida ni moja tu: usiizime. Nikasali, nikasema baba, niombee huko uliko nisizime.

Tukafika mpakani mwa kijiji. Kamba ya katani imekatisha barabara, mashangazi wa Masanja wamesimama mstari mmoja, vitenge sare. Mnajua hilo. Bibi harusi haingii bure, kwanza wakwe wasalimiwe, wapewe chao, ndiyo njia ifunguke.

Mama mmoja mkubwa wa umbo, shangazi mkuu mwenyewe, akaja dirishani kwangu.

"Mkwe, mbona unatungurumia usoni? Zima gari tusikilizane."

Nikasema shikamoo mama, hili gari lina... lina baridi kidogo, nikizima linashtuka.

Akanyoosha mkono, akachomoa ufunguo.

Wakuu, 109 ya dizeli haizimwi kwa ufunguo. Inazimwa kwa kuvuta kishikizo chake kwenye dashibodi. Kwa hiyo yule mama amesimama na ufunguo mkononi na gari linaendelea kunguruma kama halijaguswa. Akautazama ufunguo. Akalitazama gari. Akarudi hatua tatu na kuita kwa sauti, "Jamani, hawa wametuletea gari la namna gani?"

Mstari wote wa vitenge ukarudi nyuma. Tarumbeta moja ikakata noti katikati.

Hapo Baba mkubwa akanigeukia, akaongea taratibu.

"Deo. Wakwe wanataka kumsalimia binti yetu. Huwezi kumpeleka kwa watu huku unawangurumia. Zima."

"Baba, nikizima..."

"Najua."

Akasema hivyo tu. Najua. Alikuwa ameiona sindano muda mrefu kuliko mimi.

Nikatazama nyuma kwenye kioo. Prisca ameshika mkono wa Masanja, poda imeshuka mpaka shingoni, ananitazama. Nikasema gari ni la baba, lakini na dada pia ni wa baba.

Nikavuta kishikizo.

Kimya kikaingia. Baba mkubwa akashuka, akavua kofia, salamu zikapita vizuri, mwadila huku, shikamoo kule, vitenge vikakabidhiwa, vigelegele, ufunguo nikarudishiwa kwa ncha za vidole. Kamba ikafunguliwa.

Nikawasha.

Tik.

Nikarudia. Tik.

Wanaume wakavua makoti wakasukuma. Barabara ya kiangazi pale ni mchanga, gari ni chuma tupu. Tulisogea kama urefu wa kitanda, suruali ya mwenyekiti wa kamati ikapasuka nyuma, zoezi likasitishwa kwa heshima. Nilitamani nijifiche ndani ya friji na soda zangu.

Ndipo baba yake Masanja, mzee mwembamba, akauliza, "Hili linazidi jembe la ng'ombe kwa uzito?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akapiga mluzi. Vijana wakaleta maksai wanne kutoka bondeni, nira na minyororo, wanyama wamenenepa mpaka wanang'aa. Mashangazi wakawafunga mabaki ya maua ya gari kwenye pembe.

Na wakuu, ng'ombe wanatembea mwendo uleule wa matarumbeta! Hatua mbili, wanasita, wanakwenda. Akina mama walicheza kuliko mwanzo, hakuna moshi, hakuna kelele. Prisca alifungua dirisha akatoa kiwiko nje. Kama baba kabisa.

Nikataka kulia. Nikamgeukia Baba mkubwa, kumbe mwenzangu ameshaanza. Anapigapiga dashibodi kwa kiganja.

"Mdogo wangu angeona hii," akasema, "angecheka mpaka aanguke."

Tukafika uwanjani. Kijiji kizima kilisimama.

Jumatatu nilikaa mlangoni tangu asubuhi nasubiri watu wa mtungi. Baba mkubwa akaja peke yake na kipande cha gazeti kimeviringishwa. Ndani yake puli ndogo.

"Remi anasema hii itazungusha haraka," akasema. "Funga. Na feni moja tu, siyo maonyesho."

Nimeifunga. Sasa hata injini ikiguna chini, sindano inakaa juu.

Nilichojifunza: kabla hujanunua alternator kubwa, hesabu vitu vyako vinakula kiasi gani, halafu ipime gari likiwa limesimama na injini inaguna, siyo likiwa linakimbia. Waya mnene, fyuzi, puli ya saizi yake. Na gari lipime kwa mwendo wa kazi yake, siyo kwa mwendo wa furaha yako.

Mafundi wa humu, nikiongeza betri ya pili ya muziki peke yake, niitenganishe vipi na ya kuwashia? Mwagikeni, kucheka pia ruksa.

Ila msichelewe kunijibu, maana biashara imeanza. Simu mbili zimeingia wiki hii, moja ya Kisawasawa. Wote wanalitaka 109. Nikawaambia kwa furaha kwamba sasa lina umeme wa kutosha, linawaka lenyewe.

Wote wawili wakauliza kama bila ng'ombe kuna punguzo.