Wingu la Kweleakwelea Juu ya Uwele Wetu

Enzi zetu, anga likijaa ndege hakuna mtu aliyesema "ona walivyo wazuri". Tulisema, "Kimbia!" Nawaandikia ninyi wenzangu mliokulia kwenye uwele na mtama, mnaojua jinsi kichwa kinavyouma ukishinda juani unapiga kelele. Juzi mjukuu wangu Neema, aliyekuja likizo kutoka chuo, alinionyesha kwenye simu yake ndege wa huko Ulaya, wengi hawahesabiki, wanajikunja na kujikunjua angani kama moshi wenye akili. "Bibi, angalia, inatuliza roho," akaniambia. Roho yangu mimi haikutulia. Nikamuuliza, "Hilo shamba hapo chini yao ni la nani?" Akacheka mpaka simu ikamponyoka. Alidhani natania.

Sikutania hata kidogo. Mimi shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili nalo sikulimaliza, kwa sababu ya ndege kama hao, kweleakwelea wala nafaka. Uwele ukianza kushika maziwa, wazazi wa bonde letu la chini ya Nduguti walikuwa wanatutoa darasani, mwalimu apende asipende, tunahamia shambani kuamia, yaani kufukuza ndege. Tunaondoka nyumbani kabla ya jua, umande unatulowesha mpaka kiunoni, meno yanagongana. Ukifika unapanda dungu, kile kichanja cha miti chenye paa la nyasi, na kutoka hapo unashika kamba za magome zilizotandazwa shamba zima, zimefungwa makopo. Ukivuta, shamba lote linalia. Pembeni una ufito na tonge la udongo mbichi. Unabandika udongo kwenye ncha, unachapa hewani, unakwenda kutua mbali kuliko mkono wa mwanaume unavyorusha jiwe. Mimi nilikuwa hodari wa ufito, nasema bila aibu, wavulana walikuwa wananijua.

Chakula kilikuwa boga la kuchemsha, au kiporo cha ugali wa uwele na mlenda uliolala. Katikati ya mchana ndege wanapopumzika tunatafuna mabua matamu ya mtama, tunachoma kweleakwelea wale tuliowaangusha, tunatukanana kutoka dungu hadi dungu. "Wewe wa huko, ndege wamekuzoea wanadhani wewe ni kisiki!" Vijana wa siku hizi bando likikatika saa moja wanasema wamechoka na maisha. Sisi tulichoka kweli, na kesho yake tulirudi.

Sasa nisikilizeni kuhusu mwaka mmoja. Mwaka uliotangulia mvua ilikata mapema, tukala mpaka mbegu. Baba alikuwa amekwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge na habari zake zilikuwa chache. Mama alilima peke yake, na mimi ndiye mkubwa, nyuma yangu Selemani na mdogo wa mgongoni. Uwele ulipoanza kutoa vichwa Mama aliniita akaniambia waziwazi, kwa maana hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. "Uwele huu ukiingia kihengeni, tunakaa wote. Usipoingia, wewe utakwenda kwa shangazi yako Itigi. Sina namna nyingine."

Shangazi hakuwa mbaya. Lakini wasichana wa kwetu waliopelekwa mbali kwa ajili ya njaa hawakurudi watoto. Walirudi wake za watu, wamebeba watoto wao. Nililijua hilo. Kwa hiyo kila ndege aliyetua kwenye shamba letu mwaka ule nilimwona kama mtu aliyekuja kunifungia mzigo wangu.

Kati ya shamba letu na bwawa, kule kwenye matete walikolala ndege, kulikuwa na shamba la Mzee Mkumbo. Mzee huyu alikuwa na mdomo. Alipompita Mama akilima alimtupia, "Mama Zuhura, wenzio tunalimia tumbo, wewe na hivyo vitoto vyako unalimia ndege." Mama alijibu kwa kuendelea kulima.

Jioni moja, siku chache kabla ya kuvuna, tulisikia kwanza. Sauti kama ya mvua inayokuja, na mawingu hakuna. Nikatazama bwawani nikaona moshi unainuka kutoka kwenye matete. Moshi ule ukapinda. Ukajivuta mrefu kama kamba, ukavimba ukawa kama mtungi, ukageuka wote kwa pamoja ukawa mweupe, ukageuka tena ukawa mweusi. Niliuona mkojo wa hofu ukimtoka Selemani, na simcheki.

Mama aliangalia, akaangalia shamba la Mzee Mkumbo. Dungu lake lilikuwa tupu. Mwenyewe alikuwa amekwenda kwenye pombe tangu mchana.

"Shukeni," Mama akasema. "Tunakwenda kwa Mkumbo."

Selemani akalia. "Mama, na uwele wetu?"

"Wakianza kula kwa Mkumbo, sisi watatuachia nini? Kimbia!"

Niliona Mama amechanganyikiwa. Njaa ilikuwa yetu, Itigi ilikuwa yangu, na tunauacha uwele wetu bila hata mtoto mmoja ili tulinde wa mtu anayetutukana! Lakini kwa Mama hukusimama kubishana. Tulikimbia na debe letu, mdogo wa mgongoni tukamlaza chini ya dungu la Mzee Mkumbo, tukapanda, na wingu lile likawa tayari juu ya vichwa vyetu. Nikafungua mdomo nipige kelele, Mama akaniziba. "Nyamaza. Wakizunguka juu waache, usiwazoeze sauti yako. Ngoja wainame."

Tukangoja. Wenzangu, kungoja kule simtakii mtu wangu yeyote. Kivuli chao kilipita usoni kwa Mama, kikaondoka, kikarudi. Mavi yao yalinyesha kwenye majani ya uwele, tap tap tap. Upepo wa mabawa ulinipuliza nywele. Halafu ubavu mmoja wa lile wingu ukalegea, ukaanza kumiminika chini kama nafaka kutoka kwenye ungo.

"Sasa!" Mama akapiga debe. Mimi nikavuta kamba zote kwa pamoja, nikalia kwa sauti ambayo mpaka leo sijui niliitoa wapi. Selemani alipiga nguzo kwa gongo huku machozi yanamtiririka. Madungu ya mbali yakasikia, yakaitikia, bonde zima likawaka kwa makelele. Wingu likaruka juu, likajikunja, likarudi kushuka upande wetu, Mama akavua kitenge akakizungusha hewani akiwa na gauni la ndani tu, hakujali. Wakapanda tena. Wakasimama pale juu, naapa walisimama, kama watu wanaoulizana. Kisha wakageuka wote, wakauvuka uwele wa Mkumbo, wakauvuka wa kwetu bila hata mmoja kugusa, wakaelekea mbugani kwenye majani ya porini.

Mama alishuka akatuacha juu, akakaa chini kwenye tuta, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto mdogo, akacheka. Alicheka mpaka akalia, akacheka tena.

Ndipo Mzee Mkumbo akatokea, anapepesuka. "Nani hao juu ya dungu langu? Mtanivunjia nguzo!"

Mama hata hakuinuka. "Shikamoo baba. Tulikuwa tunalimia tumbo lako."

Akatazama mavi ya ndege yaliyotapakaa shamba lake lote. Akatazama vichwa vya uwele, vimesimama vizima. Akajikuna kisogo muda mrefu. "Haya," akasema taratibu, "shukeni polepole, msije mkaumia." Kuanzia siku hiyo mpaka tunavuna hakuliacha dungu lake, na pombe aliletewa na mkewe hapo hapo juu.

Tulipovuna, kihenge hakikujaa mpaka juu, lakini kilitosha. Mama alisukuma mkono ndani mpaka begani, akaupima uwele, akautoa mkono umejaa vumbi. "Huendi kokote, Zuhura," akasema, akaenda kupika. Nililala usiku ule kama jiwe.

Leo bonde lile limejaa alizeti, na mimi mwenye darasa la pili nina mashine yangu ya kukamua mafuta, na wasomi wananiita Mama Mkurugenzi. Ndege wakizidi, inakuja ndege ya serikali na dawa. Wajukuu zangu hakuna aliyekosa darasa kwa ajili ya kiumbe mwenye mabawa. Watu wa rika langu hupenda kusema zamani kulikuwa kuzuri. Mimi nakumbuka kitu kimoja tu kwa kutamani. Jua likizama, kila dungu lilikuwa linaita, "Mpo?" na bonde zima linajibu, "Tupo!" Siku hizi jirani yangu ana ukuta wenye vigae vya chupa, anaweza kufa nikasikia redioni.

Lakini kubadilishana, sibadilishani. Jioni natoa kigoda changu nje, anga linakuwa jekundu, tupu, linakwenda mpaka linapoishia. Nalitazama nikiwa nimekaa. Utotoni mwangu sikuwahi kulitazama nimekaa.