Duara Lililokosekana Kichwani pa Simeoni

Baba yangu, Nofri, alibandika dhahabu kwenye mbao za makanisa hapa mjini Prato kwa miaka arobaini. Yeye ndiye aliyeanza, mchoraji akafuata. Ndivyo kazi ilivyokwenda. Alipaka udongo mwekundu, akaupulizia pumzi, akalaza dhahabu nyembamba kuliko ganda la kitunguu, kisha akaisugua kwa jino la mbwa mpaka ing'ae. Nyuma ya watakatifu hapakuwa na kitu kingine. Mbinguni ni dhahabu, na asiyejua hilo ni mpagani.

Basi waosha sufu wa mtaa wetu walipoagiza picha ya altare, Bikira akimkabidhi mtoto kwa mzee Simeoni mlangoni pa hekalu, baba hakuuliza. Anga yote aliifunika dhahabu. Ghino, mchoraji kijana aliyetoka kujifunza Firenze, akaja, akatazama, akashika kiuno.

"Mzee Nofri, nani kakwambia uweke dhahabu?"

"Kwani wewe angani unaweka nini, uji?"

"Naweka anga. Na vilima vile pale, na mto wetu, na watu wakiosha sufu."

"Bikira alipita mtoni kwetu lini? Na viroboto wao utawachora?"

"Nikiwaona."

Wakuu wa chama cha waosha sufu walimuunga mkono kijana. Walitaka kuonekana pichani, wao na mbwa wao. Baba akaikwangua kazi yake mwenyewe siku tatu nzima, vumbi la dhahabu limemjaa ndevuni. Mimi ndimi niliyemshikia bakuli la kukingia, nikamwona analia. Nilimchukia Ghino kwa moyo wangu wote.

Siku ya nne Ghino akamwomba asimame achorwe, awe Simeoni.

"Tafuta mtu mwenye sura."

"Nimeshampata."

"Na chunjua hili la puani?"

"Ndilo ninaloanza nalo."

Alikubali, nadhani kwa uchovu tu. Ghino akamchora vilevile alivyo: chunjua, kucha zenye udongo mwekundu, macho yaliyovimba. Mama alipoiona picha alisema, "Kumbe miaka thelathini nimelala na mtakatifu, na anakoroma hivyo."

Dhahabu iliyobaki ilikuwa ya maduara membamba ya utakatifu vichwani tu. Baba alimwekea Bikira, akamwekea mtoto. Alipofika kwa Simeoni akaweka brashi chini.

"Nijivike utakatifu kwa mkono wangu? Sina wazimu."

"Si wewe, mzee. Ni Simeoni."

"Na chunjua ni la nani?"

Picha ikapandishwa altareni hivyohivyo.

Padri alililalamikia pengo hilo miaka kumi na mmoja. Lakini wanawake wenye watoto wagonjwa walimpita Bikira, wakasimama mbele ya yule mzee. Nilimuuliza mmoja sababu. "Huyu anaonekana amewahi kulia," akanijibu. Baba nilipompelekea habari hiyo alinuna, akasema watu wameharibika.

Alizikwa Februari. Wiki iliyofuata nilimwomba padri ngazi, nikapanda na karatasi moja ya dhahabu na maji ya kitunguu saumu, gundi aliyonifundisha baba mwenyewe. Nikachora duara kichwani pa Simeoni, nikalipulizia pumzi mpaka likanata, nikabandika.

Baba alikataa kujivika mwenyewe. Mimi hakunikataza.