Talaka Yangu Imo Ndani ya Kitenge Kipya

Msimamizi wa ukurasa, nakuomba ufiche jina langu na la mume wangu, maana hapa mtaani kwetu Buyenzi hakuna siri. Ukipiga chafya uani kwako, mtaa wa pili wanakupa pole.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, nina watoto watatu, naishi na mume wangu na mama yake. Mume ni fundi wa magari, gereji yake iko upande wa viwandani. Mtaani wananijua kwa jambo moja: sinunui nguo mpya. Nguo zangu ni za mitumba, na nyingine nazishona mwenyewe. Naingia sokoni nikitafuta sketi, natoka na sketi tu, hata wauzaji waniite vipi. Sweta kuukuu nazifumua, uzi nautumia kufumia watoto kofia. Pazia la zamani limekuwa gauni la binti yangu. Wanaume wanawaambia wake zao, "Igeni mke wa fulani, ana kukinai yule." Kukinai gani jamani! Mimi ni mwoga tu.

Nisiwadanganye, nguo nilizipenda sana. Vita ilipokuwa imetukaba, vikwazo vikaja, mipaka ikafungwa, vipuri havipatikani, gereji ikalala. Mimi na akili zangu nikatoka maduka ya Asiatique na kitenge cha waksi kinanukia duka. Mume wangu alikuwa barazani na mama yake. Alikitazama, akanitazama, akalipuka: "Wallahi, ukivaa tena nguo mupya ya duka, we si muke wangu. Talaka zako tatu!" Kisha akaenda kuswali. Aliporudi akaomba chai, kama hakusema kitu.

Kitenge nilimpa wifi yangu siku ile ile. Mama mkwe akaniita jikoni, akanishika mkono. "Mwanangu, usimkumbushe kamwe. Mwanaume ukimkumbusha kiapo, anakiapa upya. We vaa mitumba, ufunge mdomo." Nikafunga. Na mnielewe, sina pa kwenda. Wazazi wangu walikimbilia Kigoma risasi zilipoanza, na nyumba yetu ya Buterere imebaki kuta. Mwenzangu akiachwa anarudi kwao. Mimi kwetu ni wapi?

Miaka ikapita, mume wangu akasahau. Naapa amesahau kabisa! Anajisifu gerejini kwamba Mungu amempa mke asiye na tamaa. Nami namwacha ajisifu, nashona.

Sasa Ijumaa hii mdogo wake wa mwisho anaolewa. Kazi zimerudi kidogo, na juzi aliingia na mfuko, anacheka peke yake. Akatoa kitenge. Chekundu, maua ya njano, uzuri wake siusemi. "Mama watoto, umenivumilia sana. Peleka kwa fundi akushonee, uvae harusini, watu waone muke wangu." Nikasema asante, nikakitia sandukuni, nikakaa juu ya sanduku.

Akiniuliza fundi cherehani amesema nini, nasema ana kazi nyingi. Jana akapita kwa fundi mwenyewe. Fundi akamwambia hajakiona hicho kitenge. Alirudi mchana tukiwa tunakula, amefura. "Kumbe unanizarau! Mutaani wanacheka, eti mi navalisha muke wangu nguo za Wazungu waliokufa!" Nikamwambia nina zangu za kutosha. Hapo ndipo akasimama: "Wallahi, Ijumaa usipovaa hiki kitenge, talaka zako tatu!"

Mama yake akasema "Astaghfirullah" na kijiko kikamponyoka. Mume wangu akadhani mama anashangaa ukaidi wangu.

Nilienda kwa shehe nikajifanya naulizia mwanamke mwingine. Akanijibu kwamba kiapo ni cha mume, mume aje mwenyewe, aulizwe alichokusudia. Sawa, lakini aje vipi na yeye hakumbuki? Nikamwendea mama mkwe, nikamwambia leo ndiyo siku ya kusema, wewe ndiye shahidi wangu. Mnajua alinijibu nini? "Mimi mzee, mwanangu, sikumbuki kitu. Usinitaje." Mwanamke aliyenifunga mdomo kwa mikono yake! Nililia mpaka nikaona haya. Sasa nikimwambia mume peke yangu, atasema nimetunga ili nisivae zawadi yake. Na akiniamini, ndiyo mbaya zaidi: atajua kukinai kote anakojivunia mjini kulikuwa kumwogopa yeye.

Jirani yangu Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira, mtu wa kanisa, ndiye aliyenifundisha kushona. Yeye kacheka mpaka kashika mbavu. "Leta mi nivale kwanza, niende nayo ku kanisa. Ikitoka kwangu ni mitumba, apana mupya tena." Nami nilicheka, halafu nikawaza: Mungu naye anachezewa hivyo?

Basi ninyi mnaosoma ukurasa huu, wenye elimu ya dini na wenye ndoa zenu, niambieni. Nikivaa nimeachika kwa kiapo cha kwanza. Nisipovaa nimeachika kwa cha pili. Nikisema, sina shahidi. Nipeni njia, hata iwe nyembamba, kabla ya Ijumaa.

Na kuna jambo sijamwambia hata Mama Furaha. Leo asubuhi, nyumba ikiwa tupu, nilikitoa sandukuni. Nilikiweka begani tu mbele ya kioo, nione rangi inanikubali vipi. Ilinikubali. Sikukifunga, wallahi sikukifunga. Ila tangu hapo najiuliza. Kuweka begani ni kuvaa? Maana kama ni kuvaa, huyu mwanaume ninayempikia ugali sasa hivi ni nani wangu?