Sufuria Tupu kwa Syokau

Ukifika Kalama ukauliza chapati nzuri ni za nani, hutaelekezwa dukani. Utaelekezwa kwa Syokau, mke wa Festus, nyumba ya mabati ya bluu pale mteremko unapoanzia. Alipokuwa msichana alipika katika hoteli moja Machakos mjini, karibu na steji, na alipoolewa alikuja na mikono yake ile ile. Chapati ya Syokau ni laini, ina tabaka, na ukila moja unaona haya kuomba ya pili lakini unaomba. Na yeye alijua. Usije ukadhani hakujua.

Wakatoliki wa upande ule wana jumuiya yao ndogondogo, inaitwa Mtakatifu Martha. Kila Alhamisi jioni wanakutana kwa zamu, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule: rozari, somo, nia za maombi, halafu chai. Hiyo chai ndiyo iliyoharibu mambo. Zamani ilikuwa chai kavu, na ukibahatika, kiazi kitamu. Siku moja Syokau akaweka chapati. Kavata, jirani yake wa juu, ni mtu asiyekubali kushindwa, basi zamu yake ilipofika akaweka chapati na ndengu. Syokau akajibu kwa nyama. Kavata akachinja kuku. Kufikia mwaka huu, jumuiya ikija kwako unahangaika kama mtu anayepokea wakwe.

Na katikati ya mashindano hayo yote, bingwa wa kuombea wenye njaa alikuwa Syokau huyo huyo. Msimcheke. Alisikiliza redio tangu asubuhi, na kila nchi iliyotajwa kuwa na njaa aliibeba moyoni hadi Alhamisi. Aliomba amefumba macho, akitaja watu wa vita, watu wa ukame, watoto wa kambini, na machozi yalimtoka, machozi ya kweli kabisa. Akisema "Ee Bwana," watu walijibu "twakuomba utusikie," na kabla hawajamaliza kujibu yeye yuko jikoni anageuza chapati.

Mvua ya Novemba ilikuja siku chache ikaenda zake. Mahindi yalikauka yakiwa hayajafika magotini. Jumatano ya Majivu, Padre alipokuja kigangoni, alisema Kwaresma hii parokia nzima itaombea njaa ya dunia, na kwamba mtu asiombe kwa mdomo peke yake. Syokau aliitikia kwa kichwa kwa nguvu mpaka majivu yakamwangukia puani.

Ni wakati huo ndipo Kavutha alipopotea.

Kavutha ni mjane, na shamba lake linapakana na la Syokau. Waliolewa Kalama mwaka mmoja, wakalea pamoja, wakachota maji pamoja, na mpaka leo wanaitana kwa majina ya watoto wao wa kwanza, Mama Mueni na Mama Ndunda. Tena Kavutha ndiye mwenye sauti. Jumuiya nzima ilikuwa ikiimba kwa kumfuata yeye. Zamu yake ilipofika akatuma neno kwamba ana msiba Konza. Akapewa wiki iliyofuata, akasema ana homa. Baada ya hapo hakuonekana tena, si kwa zamu yake, si kwa za wengine. Kanisani Jumapili alikaa nyuma karibu na mlango, na misa ikiisha, huyo, ameshaondoka.

Bartholomew, katekista, akajitolea kuanzisha nyimbo. Woi! Bartholomew ni mtu wa Mungu, hilo hakuna anayebisha, lakini alianzisha wimbo juu ya paa na wanawake wakabaki chini wakitafuta ngazi.

"Mwache," Kavata alisema. "Pengine amehamia kanisa lingine."

Syokau alikasirika, kisha akaumia. Bila Kavutha hata rozari ilikuwa ndefu. Alitaka rafiki yake arudi, basi, hakuwa na neno lingine. Alhamisi moja mchana akafunga leso vizuri, akavuka mpaka wa shamba kwenda kumuuliza uso kwa uso.

Alimkuta nyuma ya jikoni anapepeta mbaazi kwenye ungo, anaimba. Tena wimbo wa jumuiya, ule ule ambao Bartholomew alikuwa ameuua wiki iliyopita.

"Hodi, Mama Mueni."

"Karibu, Mama Ndunda. Keti."

Kavutha akaleta kigoda, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha strungi, chai ya rangi isiyo na sukari. Hakuomba radhi kwa sukari. Akarudi kwenye ungo wake.

"Konza ulirudi lini?" Syokau akauliza.

"Sikuenda Konza."

"Na homa?"

"Sikuwa na homa. Nilikuwa na aibu."

"Aibu ya nini, na sisi tumejuana tangu tuolewe?"

"Ya chapati yako."

Syokau alidhani ni mzaha, akacheka. Kavutha hakucheka.

"Mimi sina unga ya ngano," akasema. "Sina mafuta, sina kuku. Niko na mbaazi na moto. Mtakuja kwangu mkae mkiombea watu wa njaa, huku mnaangalia mlango wa jikoni. Nitawapa nini? Na kama siwezi kuwapa, sitakuwa nakuja kwenu kula tu. Mama yangu hakunilea hivyo."

"Kumbe ni hiyo tu? Aiya! Kesho asubuhi na mapema nakuletea unga, mafuta na sukari. Hakuna mtu atajua."

"Mimi nitajua," Kavutha akasema.

Syokau alirudi nyumbani anatokota. Alimkuta Festus kivulini anatengeneza mpini wa jembe, akammwagia yote. "Mtu anasaidiwa, anakataa! Ati chapati zangu ndizo zimemfukuza kwenye maombi! Umesikia jambo kama hilo?"

Festus alifanya kazi kiwandani Mavoko miaka mingi, kwenye mashine zenye kelele, na huko alijifunza kutosema mengi. Akaupima mpini kwa jicho moja. "Na wewe ulikula kwa Kavutha lini?"

"Nini?"

"Nauliza tu. Lini?"

Kila Syokau alipokwenda kwa mtu alibeba chapati zake chini ya kitambaa, akisema anamsaidia mwenyeji. Hakukumbuka mara ya mwisho alipokula kilichopikwa na Kavutha. Halafu kitu kikamchoma: hata ile strungi ya leo hakuinywa. Alikuwa ameiacha pale kando ya kigoda, imejaa.

Aliona aibu, akakaa chini palepale kwenye vumbi, na Festus akampisha kivuli.

Jioni hiyo maombi yalikuwa kwa Bartholomew. Rozari ikaisha, somo likasomwa, na wakati wa nia ulipofika kila mtu akamgeukia Syokau kama kawaida. "Tuwaombee ndugu zetu wenye njaa walio mbali," akaanza, na hapo akakwama. Watu wakangoja. Kuku wa Bartholomew akapita katikati yao, akatoka.

"Kuna mwenzetu hayuko hapa," Syokau akasema hatimaye, macho wazi. "Hayuko kwa sababu tumefanya chakula kuwa mashindano. Mtu anaogopa kutukaribisha tumwombee. Na mimi ndiye nilianza. Tuache."

Hakutaja jina, lakini wote walimjua.

"Tuache nini sasa?" Kavata akauliza. "Alhamisi ijayo ni zamu yangu!"

"Tubadilishane, ianzie kwangu. Mwenyeji atoe moto na maji, basi. Asubuhi aweke sufuria langoni, na kila mtu akipita kwenda kuchota maji amimine kikombe kimoja cha alichonacho, afunike, aende. Jioni tunakula isyo wote, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja na kila kilichomo. Itakayobaki ni ya nyumba hiyo."

"Na jogoo wangu? Nimemfunga tangu Jumatatu!"

"Mfungue."

Watu walicheka mpaka Kavata naye akacheka, ingawa si sana. Bartholomew alisubiri wanyamaze. Akasema kwamba unga, sukari na mafuta ambayo kila nyumba ingetumia kwa zamu yake yapelekwe kanisani siku ya matoleo ya Kwaresma, yafike kwa wenye njaa wa mbali. "Ili na wao wapate kitu zaidi ya machozi ya Syokau," akasema, na Syokau akakubali kupigwa na hilo.

Tangazo lilipita nyumba hadi nyumba. Kwa Kavutha alilipeleka Bartholomew mwenyewe, naye alisikiliza, akamshukuru, na hakusema atakuja wala hatakuja.

Alhamisi ikafika. Jua halijapanda, Syokau alikuwa ameshaweka sufuria kubwa juu ya jiwe langoni, tupu, ina mfuniko. Akarudi jikoni, na hapo ndipo alipojua taabu. Mikono ilimwasha. Aliosha ungo uliokuwa safi. Alifagia palipofagiliwa. Kila mfuniko ulipolia langoni alichungulia kupitia ufa wa mlango, akaona mgongo wa huyu, mtungi wa yule.

"Si ukande kidogo tu," Festus akanong'ona, "ikae ya akiba?"

"Festus, usinijaribu."

Isyo haiivi kwa rozari moja, kwa hiyo ilibidi moto uwashwe mapema. Syokau alikwenda kuchukua sufuria, akafunua. Ilikuwa na mahindi, maharagwe, kunde, hata ndengu kiasi ambazo bila shaka ni za Kavata. Akapitisha mkono ndani mpaka chini, akachambua, akachambua tena. Hapakuwa na mbaazi hata moja.

Basi, hatakuja. Akainjika, akaongeza kuni, na moshi ukampa kisingizio cha kujifuta macho. Mchana ule ulikuwa mrefu. Sufuria ilichemka taratibu na yeye alikaa mbele yake bila kazi, mpishi mzima, akichochea chakula cha watu.

Jua lilikuwa limeanza kushuka aliposikia hodi. Kavutha alikuwa amesimama langoni, amevaa leso yake ya kanisani, ameshika bakuli kwa mikono miwili, mvuke unatoka.

"Mbaazi zangu ni za mwaka jana, ni ngumu," akasema. "Zingewachelewesha. Nimezichemsha kwangu tangu asubuhi."

Syokau akapokea bakuli, akamimina, akakoroga, na Kavutha akachukua mwiko akaonja.

"Chumvi hakuna hapa, Mama Ndunda. Bila chapati hata kupika umesahau?"

"Weka basi, wewe mjuaji."

Jioni hiyo Kavutha alianzisha wimbo, na wimbo ukakaa mahali pake. Bartholomew mwenyewe alifumba macho kwa raha. Nia za Syokau zilikuwa fupi: aliwaombea wenye njaa wa mbali, akawaombea wa karibu, akanyamaza. Halafu wakala. Watoto walirudia, Kavata alirudia, na sufuria bado ilikuwa na kitu chini.

Kavutha alikuja na sahani yake akaketi kando ya Syokau. "Kwangu uliniachia kikombe kimejaa," akasema polepole.

Syokau akamwonyesha sahani yake. Ilikuwa nyeupe, hata punje haikubaki. "Niongezee," akasema, na Kavutha akamwongezea.

Bartholomew akasimama, akakung'uta suruali, akauliza, kama ilivyo desturi, Alhamisi ijayo ni kwa nani. Kavata alikuwa ameanza kuinua mkono.

"Kwangu," Kavutha akasema. "Moto uko."

"Nitakuja na njaa," Syokau akasema.