Mkanda wa Lishe Tuliourekodi Mara Mbili

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya nyasi zilizokatwa asubuhi hunirudisha uani kwetu, kwenye kijiji kimoja cha Karagwe, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Omurushaka. Jenereta ya kuazima ilikuwa imetandikiwa nyasi kama ng'ombe mgonjwa, ikinguruma ili kuchaji betri za kamera, na kuku wetu walihamia kwa jirani kwa siku tatu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa darasa la tano, na kwetu tulikuwa tunatengeneza video.

Wazo lilikuwa la shangazi yangu Jovitha, dada yake Tata, baba yangu. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, mwanamke mrefu aliyetembea haraka hata akiwa hana pa kwenda. Kila siku ya kliniki alisimama mbele ya akina mama na kueleza yale yale: ndizi peke yake hazimtoshi mtoto, changanyeni na maharage, na dagaa wakipatikana, na mboga za majani. Akina mama waliitikia, wakafunga watoto mgongoni, wakarudi nyumbani kupika ebitoke, ndizi tupu. Watoto waliendelea kuvimba miguu na nywele zao kugeuka rangi ya kutu, katika nchi ambayo ukisimama popote unaona migomba.

Lakini shangazi alikuwa ameona jambo moja. Harusi iliporekodiwa, watu walikwenda kuitazama hata mara tatu, pamoja na wale waliokuwepo siku yenyewe.

"Mimi hawanisikii," alimwambia Mama. "Labda wataisikia televisheni."

Mpiga video alikuwa Bwana Fidelis, fundi wa harusi pale Omurushaka. Alikuja kwa baiskeli, kamera yake kubwa ya kubeba begani akiwa ameivika blanketi la kitoto kwa ajili ya vumbi. Nilimwona analifungua blanketi lile kwa uangalifu ambao sikuwahi kumwona mwanamume anautumia kwa mtoto wa kweli.

Kwa jioni tatu walikaa sebuleni kwetu kupanga. Shangazi alikuwa na daftari, Bwana Fidelis alikuwa na kalenda za zamani za ukutani, ambazo alizigeuza na kuchora miraba nyuma yake. Katika kila mraba alichora watu wa vijiti: mtu anamenya ndizi, mtu anakoroga chungu, mtoto anakula.

"Harusi inajipanga yenyewe," alisema. "Bibi harusi akiingia, unamfuata. Hapa bila mpango tutamaliza mkanda tukipiga picha za kuku."

Hadithi aliyoiandika shangazi ilikuwa ya nyumba mbili. Katika nyumba ya kwanza mama anapika chakula mchanganyiko na watoto wananawiri. Katika nyumba ya pili mama anapika ndizi tupu na mtoto anaugua. Mama yangu alipewa nafasi ya mama wa nyumba ya kwanza, mimi nikawa binti yake. Kwa kuwa nilisoma Kiswahili bila kukwama, na watu wengi kwetu walikiacha shuleni na ofisini na kuongea Kinyambo nyumbani, nilipewa pia kusoma maelezo yote ya mkanda. Nilijiona mkubwa. Nilianza kwenda kisimani nikiwa nimenyoosha shingo.

Kwa nyumba ya pili shangazi hakutaka maigizo. Alimtaka Siperansia. Huyu alikuwa mwanamke ambaye wazazi wake walitoka Rwanda kabla hajazaliwa, mkimya, akilima kibarua kwenye vibanja vya watu wa kijiji, mashamba yao ya migomba, na siku nyingine alilima kwetu. Mtoto wake Bonifasi, wa miaka miwili, alikuwa ametoka wodini majuma machache nyuma. Uvimbe ulikuwa umeanza kushuka, lakini uso wake bado ulikuwa wa duara lisilo la afya, na alikuwa halii wala hacheki, anatazama tu.

Shangazi alimweleza kwamba wanataka picha za mtoto ili akina mama wengine wajifunze. Siperansia alifikiri kidogo, akasema sawa.

Upigaji ulituchanganya sote. Bwana Fidelis alianza na mwisho wa hadithi kwa sababu jua la asubuhi lilikuwa zuri upande wa mlangoni, kisha akarudi mwanzo, kisha katikati. Mama, ambaye kila siku alituita kwa sauti iliyofika bondeni, mbele ya kamera aliongea taratibu kama anayesoma matangazo kanisani. Nilikula maharage sahani saba, maana kila mara kitu kiliharibika: mbuzi alilia, mvua ilipiga bati, au mimi nilitazama kamera. Kufikia sahani ya tano nilikuwa sinawiri hata kidogo.

Siperansia alikuja siku ya pili. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, cha njano, na amempaka Bonifasi mafuta mpaka anang'aa. Bwana Fidelis alimtazama shangazi. Shangazi akamwomba Siperansia, kwa upole, akabadilishe nguo, avae ile ya kulimia. Akaenda, akarudi na nguo ya kulimia. Wakampiga picha akiwa amekaa chini mlangoni pake, mtoto mapajani, chungu pembeni. Hakuambiwa aseme lolote. Ilichukua dakika chache, na ilitoka vizuri mara ya kwanza.

Sauti yangu tuliirekodi baadaye, chumbani, dirisha likiwa limezibwa kwa mablanketi. Nilisoma yote yaliyoandikwa kwenye daftari. Kwenye picha ya Siperansia paliandikwa: "Huyu ni mama asiyejali. Anampa mwanawe ndizi tupu kila siku. Tazama matokeo yake." Nilitia mkazo kwenye neno *asiyejali*, kama tulivyofundishwa kusoma ngonjera. Bwana Fidelis aliinua kidole gumba.

Kisha akaondoka na mikanda yake. Nyumbani kwake aliunganisha deki mbili kwa nyaya, moja ikicheza na nyingine ikirekodi, na kwa siku nne alikata na kuunga. Shangazi alinipeleka kutazama. Mwanzo ukawa mwanzo, mwisho ukawa mwisho, na sahani zangu saba zikawa moja. Nilifikiri huo ndio uchawi wote uliopo duniani.

Tuliuonyesha Jumapili baada ya ibada, kwenye ukumbi wa parokia. Televisheni iliwekwa juu ya meza mbili na watu walijaa mpaka madirishani. Walipomwona Mama walipiga kelele za furaha. Walipoiona sahani yangu walicheka, nikaona haya tamu. Kisha ikaja picha ya Siperansia, na sauti yangu, kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia, ikasema: "Huyu ni mama asiyejali."

Watu wakaguna. Mwanamke mmoja nyuma akasema kwa Kinyambo, "Si ni yule wa pale kwenye mteremko?" Vichwa vikageuka.

Siperansia alikuwa amekaa mstari wa tatu, na kile kitenge cha njano. Alisimama, akamfunga Bonifasi mgongoni bila haraka, akavuta fundo mara mbili, akapita mbele ya televisheni kwenda mlangoni. Kwa nukta moja picha ilikuwa mgongo wake tu. Kisha mkanda ukaendelea, na ulipokwisha watu walipiga makofi muda mrefu. Mwenyekiti wa kijiji alinishika mkono. Nililala siku ile nikiwa na furaha.

Siperansia hakuja kulima kesho yake, wala siku iliyofuata. Hilo lilimsumbua Mama. Siku ya kliniki alipokosekana, lilimsumbua shangazi zaidi. Alikuja kwetu na kadi ya Bonifasi mkononi.

"Huyu mtoto hajapona," alisema. "Nilimpa unga wa lishe wa wiki moja tu ili anirudishie mtoto nimpime. Akirudi kuvimba sasa hivi, mara hii sijui."

Alisema twende wote watatu, na mimi pia. Mama aliuliza mimi wa nini. Shangazi akasema, "Sauti ni yake."

Tulimkuta Siperansia anapepeta. Shikamoo yangu aliipokea, marahaba, akatuwekea mkeka. Shangazi alianza kueleza habari za kipimo na unga, akaeleza sana, mpaka maneno yakamwishia. Siperansia alisimamisha ungo. Alinigeukia mimi.

"Mwanangu, ni wewe uliyesema sijali?"

"Ndiyo."

"Nani alikwambia?"

Nilifikiri ni swali rahisi. "Iliandikwa kwenye daftari," nikasema.

Akamtazama shangazi. Shangazi aliinamisha kichwa. "Niliandika mimi, dada. Nilikosea. Nisamehe."

Siperansia aliendelea kupepeta kidogo, ungo ukipanda na kushuka. Kisha akasema atamleta mtoto kliniki kesho, kwa sababu mtoto hana kosa. "Lakini na mimi nataka kusema mbele ya ile mashine. Waliosikia lile wasikie na hili."

Bwana Fidelis alilalamika kwamba mkanda ulikwisha tengenezwa, lakini alikuja. Shangazi alikuwa amemwandikia Siperansia maneno mazuri kwenye daftari, ya kushukuru kliniki. Siperansia hakutaka kusomewa, alisema akishayasikia yatamsahaulisha yake. Alivaa kitenge cha njano na hakuna aliyemwambia akibadilishe. Kwa kuwa alitaka kukaa kivulini na mtoto, Bwana Fidelis alimpa Mama shuka jeupe alishike juani, ili mwanga uruke umfikie usoni. Mimi nilishika kipaza sauti kilichofungwa kwenye fimbo.

Aliongea Kinyambo chenye lafudhi ya nyumbani kwao. Alianza na jina lake, kisha jina la baba yake, kisha la mumewe aliyefariki. Mkono wangu ulianza kuchoka. Halafu akasema:

"Wanasema nampa mtoto ndizi tupu. Ni kweli. Nalima kwa watu tangu asubuhi. Jioni napewa mkungu, ndio ujira wangu. Nalimia watu maharage, nawavunia, nawapuria, nayatia kwenye magunia yao, na jioni napewa mkungu. Nilipika nilichopewa. Pale kliniki walinifundisha kuchanganya, na mimi najua kuchanganya. Nilikuwa sina cha kuchanganya."

Hapo uso wake uliingia giza. Mama alikuwa ameteremsha shuka. Bwana Fidelis alimpungia mkono alinyanyue, lakini Mama alikuwa anatazama ardhi. Siperansia alimalizia gizani: kwamba Bonifasi sasa anatembea, na kwamba anayetaka kumwona aje amwone.

Njiani kurudi nyumbani Mama alimwambia shangazi, "Kata pale pa mkungu."

"Wifi, nikikata pale atakuwa amesema nini?"

"Watu wote wanajua anakolima."

"Analima kwa watu kumi."

"Na mimi ni mmoja."

Walitembea, mmoja mbele na mwingine nyuma, mpaka njia ya kibanja chetu. Hapo Mama akasema, bila kugeuka, "Basi acheni. Lakini mimi siendi kutazama."

Mimi nilikuwa upande wa Mama. Niliona aibu kwa ajili ya shuka: nilidhani amekasirika kwa sababu ameharibu picha mbele ya fundi. Nilimwambia asijali, hata mimi nilitazama kamera mara nne. Aliniambia ninyamaze.

Bwana Fidelis akakata na kuunga upya. Maneno yangu juu ya mama asiyejali yaliondolewa, na mahali pake akawekwa Siperansia, mzima, pamoja na giza. Sikufurahi. Ilikuwa sentensi yangu bora.

Jumapili ya kuuonyesha tena, Mama alikwenda. Alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Siperansia alikaa mstari wa tatu, mahali pale pale. Watu walicheka kwenye sahani yangu kama mara ya kwanza. Alipoanza kuongea Siperansia wa kwenye televisheni, wakanyamaza, na alipofika kwenye mkungu ukumbi ulitulia hata ikasikika jenereta ya nje. Niligeuka kuwatazama. Wanawake niliowafahamu wote, wenye vibanja, marafiki wa Mama wa kwaya na wa chama cha mazishi, walikuwa wanatazama mikono yao. Mkanda ulipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Walitoka mmoja mmoja, wakiagana kwa sauti ya chini, na mwenyekiti hakunishika mkono.

Nililia njia nzima. Nilimwambia shangazi kwamba tumeiharibu, ya kwanza ilikuwa nzuri, watu waliipenda. Aliniacha nilie. Alisema tu kwamba miguu inamuuma.

Jumamosi iliyofuata Siperansia alipomaliza kulima kwetu, Mama alimtolea mkungu na kapu la maharage, akaviweka pamoja chini. Siperansia alisema asante, akavibeba kwa safari mbili. Katika wiki zilizofuata nilisikia nyumba nyingine mbili zimeanza kufanya hivyo, na nyingine hazikuanza. Bonifasi alipanda kwenye kadi yake, polepole, mpaka akaingia kwenye njia ya kijani, ya watoto wenye uzito mzuri.

Nilikuwa mtu mzima, nikiwa na watu wanaonilimia mimi, ndipo nilipoelewa Mama alikuwa anatazama nini pale chini, alipoacha shuka lishuke. Na ndipo nilipoelewa Jumapili ile ya pili. Mara ya kwanza tulipigiwa makofi kwa sababu kila mtu mle ukumbini alikuwa ameonyeshwa kosa la mwingine. Mara ya pili watu walisikia.